Kilo zile zile, kiuno kingine: mwili wakati hedhi inapokoma

Mara nyingi fundi cherehani ndiye wa kwanza kuona. Mama wa miaka 48 au 50 anapeleka kitenge cha sare ya harusi, fundi anazungusha futi kamba, anafungua daftari lake la vipimo vya mwaka juzi, na tofauti inaonekana hapo hapo. Kiuno kimeongezeka sentimita 6 au 7. Nyonga ziko pale pale, au zimepungua kidogo. Mama huyo akipanda mizani anakuta kilo mbili tu zimeongezeka, pengine hakuna kabisa. Anakula kama alivyokula siku zote, na kazi zake ni zile zile.

Sisi tunaopima na kushauri wanawake wa umri huu hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, tunalisikia lalamiko hilo kuliko jingine lolote. Jibu ambalo wengi wameshapewa mtaani ni kwamba umri umefika, mwili hauchomi tena chakula, hivyo wapunguze kula. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo si kweli. Sehemu ya pili, ikifuatwa kama wengi wanavyoifuata, inaongeza tatizo.

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee. Nishati ambayo mwili hutumia kwa siku, ikilinganishwa na ukubwa wa mwili na wingi wa misuli, ilibaki karibu vile vile kati ya miaka 20 na 60, kwa wanawake na kwa wanaume. Hakukuonekana poromoko lolote kwenye umri wa kukoma hedhi. Kupungua kulianza baada ya miaka 60, tena kwa chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kwa hiyo mama wa miaka 50 anayeambiwa mwili wake umelala anaambiwa jambo ambalo vipimo havilioni.

Kilichobadilika ni mahali mafuta yanapowekwa, wingi wa misuli, na namna ini na misuli inavyoitikia insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu.

Ovari zikiwa zinafanya kazi vizuri, estrojeni, homoni ya kike inayotoka humo, huelekeza akiba ya mafuta kwenye mapaja, makalio na nyonga. Estrojeni ikishuka, mafuta mapya yanaelekea tumboni. Sehemu yake ni ile inayoshikika chini ya ngozi, ambayo watu huiita nyama uzembe, lakini inayotutia wasiwasi ni ile isiyoshikika, iliyojificha ndani kuzunguka utumbo na ini. Kabla ya kipindi hiki mafuta hayo ya ndani huwa asilimia 5 hadi 8 ya mafuta yote ya mwanamke. Hedhi ikishakoma yanaweza kufika asilimia 15 hadi 20. Damu inayotoka kwenye eneo hilo huingia moja kwa moja kwenye ini ikiwa imebeba asidi za mafuta. Ini likizidiwa linaanza kutengeneza sukari nyingi hata mtu akiwa hajala, na kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi ili kuizuia. Ndiyo maana mtu anaweza kulala bila chakula cha usiku, akaamka na sukari ya 6.4 (kwa mmol/L), iliyo juu ya kawaida, akadhani mashine imeharibika.

Upande wa misuli, kuna utafiti wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama SWAN, ulioanza mwaka 1996, ambao umewafuata wanawake wale wale kwa miaka mingi kabla na baada ya hedhi kukoma. Ulionyesha kwamba mpito wa kuelekea kukoma hedhi unapoanza, kasi ya mwili kuongeza mafuta inapanda karibu mara mbili, huku misuli ikianza kupungua. Hali hiyo inaendelea hadi miaka 2 hivi baada ya hedhi ya mwisho, kisha inatulia. Mizani haikuonyesha mruko wowote katika kipindi hicho, kwa sababu kilichopotea upande mmoja kilifidiwa upande wa pili. Fundi aliona, mizani haikuona.

Hapa tusahihishe jambo moja linalosemwa sana kwenye vikundi vya mazoezi, kwamba ukiwa na misuli unachoma mafuta hata ukiwa umelala. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kalori 13 hivi kwa siku. Aliyepoteza kilo mbili za misuli amepunguza kalori 26, ambazo hazifiki hata vijiko viwili vya sukari. Umuhimu wa misuli uko kwingine. Sukari inapoingia kwenye damu na insulini ikaita, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa kabisa. Misuli ikipungua, na ile iliyobaki ikiwa haifanyi kazi ngumu, ugali ule ule wa jana unaacha sukari nyingi zaidi ikizunguka kwenye damu, na kwa muda mrefu zaidi.

Kuna na lehemu, yaani kolesteroli. Ndani ya mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho, lehemu mbaya hupanda kwa kasi kuliko kipindi kingine cha maisha ya mwanamke, kwa sababu estrojeni ndiyo iliyokuwa ikilisaidia ini kuikusanya kutoka kwenye damu. Mama asiyejua hili hujilaumu kwa chipsi alizokula Jumamosi.

Kwanza, ujue ulipo

Hedhi inahesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Mabadiliko tunayoyazungumza huanza mapema zaidi, wakati hedhi bado inakuja lakini imeanza kuyumba: mwezi huu siku 24, ujao siku 40. Anayesubiri hadi hedhi ikatike kabisa ndipo aanze kujiangalia anakuwa ameshapitwa na ile miaka ambayo misuli inapotea kwa kasi.

Wapo wanaochanganya. Aliyetolewa kizazi lakini ovari zikaachwa haoni hedhi, ila homoni zake zinaendelea. Aliyetolewa ovari zote mbili anaingia ghafla, na mabadiliko kwake huja kwa kasi kubwa. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango anaweza kukaa bila hedhi kwa sababu ya sindano tu. Aliyekoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, anahitaji kuonana na daktari hata kama anajisikia vizuri, kwa kuwa mifupa na moyo vinakosa kinga mapema mno.

Nunua futi kamba yako mwenyewe. Pima asubuhi kabla ya kunywa chai, ukiwa umesimama, miguu imeachana kidogo. Tafuta mbavu ya mwisho kwa kidole, tafuta na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha pitisha kamba katikati ya hapo, juu ya ngozi na si juu ya kanga. Toa pumzi kwa kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Kosa tunaloliona zaidi ni kupima pale sketi inapofungwa, ambapo wengi hupafunga chini ya kitambi. Hapo utapata namba nzuri isiyo ya kweli. Kwa mwanamke, sentimita 80 ndipo Shirika la Afya Duniani linapoanza kuhesabu hatari, na 88 hatari imekuwa kubwa. Njia nyingine ni kulinganisha na urefu: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 158 abaki chini ya 79. Pima mara moja kwa mwezi. Kila siku ni kujitesa bure.

Sukari ipimwe ukiwa hujala kwa saa 8 au zaidi, maji tu. Kufikia 7.0 katika vipimo vya siku mbili tofauti ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na ni onyo zuri kulipata kwa sababu bado kuna nafasi ya kurudi nyuma. Kwa vipimo vya kutoboa kidole, nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kwanza. Aliyetoka kumenya embe akapimwa bila kunawa anaweza kusomeka 12 na kulia bure. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, ni kizuri, ila mwambie mpimaji kama una upungufu wa damu, unapata hedhi nzito za kipindi cha mpito, au una selimundu, kwani hayo yanaweza kukifanya kisome vibaya.

Presha nayo: keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu. Mtu aliyeshuka kwenye daladala akapanda ngazi na kufungiwa mashine hapo hapo hapimwi presha, anapimwa safari. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, katika siku tofauti, unahitaji matibabu. Sukari na presha hupimwa kwenye vituo vingi vya afya vya manispaa. Kwa lehemu na uchunguzi zaidi zipo hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala.

Kujinyima kunavyoharibu

Kuna mpango mmoja unaozunguka sana kabla ya sherehe: wiki mbili za matunda, maji ya ndimu na chai ya rangi. Kilo nne zinatoka kweli. Sehemu kubwa ya siku za mwanzo ni maji yaliyokuwa yamehifadhiwa pamoja na sukari ya mwilini, na kwa kile kinachobaki, karibu robo inaweza kuwa misuli mtu asipokula protini na asipofanya mazoezi ya nguvu. Sherehe ikipita, kilo zinarudi. Zinarudi kama mafuta, na kwa umri huu zinarudi tumboni. Ukirudia mara tatu kwa mwaka utakuwa na uzito ule ule, misuli pungufu na kiuno kikubwa zaidi. Tungependa sana mpango huu uachwe.

Chai zinazouzwa kwa jina la kupunguza tumbo nyingi zina majani ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, na kwa anayemeza dawa za presha zinazokojoza, ni hatari.

Tunachoshauri kianze na protini, kabla hata ya kupunguza kitu. Gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mwenye kilo 75 anahitaji kati ya 75 na 90, zigawanywe katika milo yote, gramu 25 hadi 30 kila mlo. Hapa ndipo kifungua kinywa cha Dar kinapoanguka. Chai yenye sukari vijiko vitatu na maandazi matatu haifiki gramu 10 za protini, na ifikapo saa tano mtu ana njaa na mkono umeshafika kwenye bagia. Badili hivi: mayai mawili ya kuchemsha ni gramu 12, glasi ya maziwa ya mililita 250 ni 8, nusu kikombe cha maharage yaliyobaki jana ni 7. Umefika 27, na njaa haitakuja hadi saa saba. Mchana, kipande cha samaki chenye gramu 100 za nyama bila miiba kina 20 hadi 25. Ongeza maharage au kunde. Usiku, gramu 30 za dagaa wakavu zina karibu 18, na wakiliwa wazima na mifupa yao unapata kalsiamu ambayo mifupa ya umri huu inaidai. Choroko au mbaazi nusu kikombe inamalizia. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Uji wa lishe tunauheshimu kwa watoto, lakini mchanganyiko wa nafaka saba bado ni wanga kwa sehemu kubwa, na ukitiwa sukari vijiko vinne hauna tofauti kubwa na maandazi.

Kisha wanga. Haifai kuondoa ugali kwenye nyumba ambayo watu wengine watano wanaula. Mama anayejipikia sufuria yake ya pembeni hachukui mwezi kabla ya kuchoka. Pima unga kabla ya kusonga. Nusu kilo ya unga mkavu kwa watu watano ni gramu 100 kwa kila mmoja, kama kalori 360. Tumekuta nyumba nyingi zinasonga kilo nzima kwa watu hao hao, na tofauti ya mlo mmoja tu ni kalori 360 zaidi kwa mtu. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi zake, ila kipimo ni kile kile. Nafasi iliyoachwa kwenye sahani ijazwe na mchicha, matembele, kisamvu au bamia hadi nusu ya sahani. Kwa mama lishe, sema wazi kabla hajapakua: wali nusu, maharage na mboga ziongezwe. Wengi hukubali bila neno.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayotoroka macho. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120, na watu hawapimi, wanamimina. Badala ya kuhesabu vijiko, hesabu siku: lita moja kwa nyumba ya watu wanne itimize siku kumi. Hapo kila mtu anapata mililita 25 kwa siku, na inatosha. Lita ikiisha siku ya nne, kila mmoja amekula zaidi ya kalori 500 kwa siku kutoka kwenye chupa peke yake, kabla ya nazi. Wali wa nazi ubaki wa siku maalumu, na siku hiyo mchuzi usiwe wa nazi tena.

Sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai kwa hesabu yote. Soda moja ya mililita 300 inaimaliza na kupita. Juisi ya miwa inakaribiana na soda. Embe lile mwenyewe, usilisage. Matatu kwenye glasi moja yanapita kooni kwa dakika, ila hakuna anayekaa akala matatu.

Mlo wa saa nne usiku ni desturi ya jiji hili, kwa foleni na kwa kazi, na mtu anakula sahani kubwa kuliko zote kisha analala nusu saa baadaye. Ikishindikana kula saa moja au mbili, geuza ukubwa: mlo mkubwa mchana, wa usiku uwe protini na mboga, wanga kiasi cha ngumi. Na utembee. Dakika 10 hadi 15 za kutembea mara baada ya kula hupunguza mpando wa sukari, hata kama ni kuzunguka uani.

Ukiwa na mengi ya kupunguza, lenga kalori 300 hadi 500 chini kwa siku, usizidishe. Kwa mwenye kilo 80 aliye kwenye ile hali ya onyo, kilo 4 hadi 6 zinaleta mabadiliko ya kweli. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002 ulionyesha kuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito pamoja na dakika 150 za mazoezi kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Tunajua pia maneno yanayomfuata mwanamke anayepungua mtaani, kwamba anaumwa, kwamba ana mawazo. Ni vizuri mume na watoto wajue mapema unachofanya ili yasikurudishe nyuma.

Nguvu, siyo kutembea tu

Kutembea dakika 30, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, ni kuzuri kwa moyo na presha. Toka kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Jua la Januari hapa halimwachii mtu anayefukuta kwa homoni. Lakini kutembea peke yake hakurudishi misuli. Kwa hilo unahitaji uzito unaoongezeka, siku mbili kwa wiki zilizoachana, kama Jumanne na Ijumaa.

Vifaa ni kiti imara na madumu ya maji. Dumu la lita 5 lililojaa ni kilo 5, la lita 3 ni kilo 3. Hivyo unajua hasa unachobeba. Anza kwa kukaa na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono, mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia hadi mikupuo mitatu. Magoti yakiuma, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana, na uhakikishe goti linaelekea kidole cha pili cha mguu badala ya kuingia ndani. Kisha sukuma ukuta: hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka kama ubao. Kisha inama kidogo, mkono mmoja umeshika kiti, wa pili uvute dumu kutoka chini hadi kiunoni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Lala chali ukunje magoti, inua nyonga, hesabu tatu, shusha. Malizia kwa kubeba madumu mawili, moja kila mkono, hatua 30 au 40 uani, mabega yamerudi nyuma.

Uzito unafaa pale mara mbili za mwisho zinapokuwa ngumu, lakini bado unazifanya bila kujipinda. Ukifika 12 kwa urahisi kwa siku mbili mfululizo, ongeza: kutoka bila dumu hadi lita 3 kifuani, hadi 5. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anafanya kukaa na kusimama mara 20 bila kitu mkononi, mwezi wa kwanza hadi wa nane, na analalamika hakuna mabadiliko. Misuli ilishazoea tangu wiki ya nne. Kosa la pili ni kubana pumzi wakati wa kunyanyua, jambo linalopandisha presha ghafla. Toa pumzi unaponyanyua. Mwenye presha ambayo namba ya juu imefika 180 au ya chini imefika 110 aanze na daktari kwanza.

Kina mama wengi hutuambia wanafanya kazi za nyumbani kutwa. Ni kweli, na kazi hizo zinahesabika kama kutembea. Ila kudeki sakafu ile ile hakuongezi uzito wiki hadi wiki, na siku hizi maji yako bombani, bodaboda iko mlangoni na kufua kuna msaidizi.

Usiku, joto na dawa

Joto la ghafla hudumu dakika moja hadi tano, lakini likija mara nne usiku linavunja usingizi wote. Kwa wanaolipata mara kwa mara, SWAN ilipata kuwa nusu yao waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka 7. Usingizi mfupi huongeza homoni ya njaa, hupunguza ya shibe, na hufanya insulini ifanye kazi vibaya kesho yake. Hamu ya kitu kitamu saa kumi alasiri mara nyingi imetokana na usiku uliopita. Shuka na nguo za pamba, kuoga maji ya kawaida kabla ya kulala, feni ikielekezwa miguuni, chai na kahawa zikome saa nane mchana. Chai ya tangawizi na pilipili huamsha joto kwa baadhi. Jaribu kuziacha wiki moja uone.

Tiba ya homoni ipo, na kwa anayeteseka na joto, akiwa chini ya miaka 60 au hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida yake ni kubwa kuliko madhara. Inapunguza pia kasi ya mafuta kwenda tumboni na uwezekano wa kisukari, ingawa haitolewi kama dawa ya kupunguza uzito. Mwenye kizazi lazima apewe estrojeni pamoja na projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi unaweza kukua hadi kuwa saratani. Haiwafai waliowahi kuugua saratani ya matiti, walioganda damu kwenye mishipa, au wenye ugonjwa wa ini unaoendelea. Hizi si dawa za kuulizia dirishani dukani.

Angalia na dawa unazotumia tayari. Prednisolone na dexamethasone, ambazo wengine hununua kwa maumivu ya viungo bila kuandikiwa, zinapandisha sukari, zinapeleka mafuta tumboni na kumomonyoa mifupa. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla, apunguziwe na daktari. Kwa wanaotumia ARV, dolutegravir imehusishwa na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake. Usiruke kidonge hata kimoja kwa sababu hiyo. Sema kliniki ili kiuno, sukari na presha vifuatiliwe. Sindano za kupunguza uzito zinazozungumzwa sana siku hizi hupunguza misuli pamoja na mafuta, hivyo anayeandikiwa anahitaji protini na madumu kuliko mtu mwingine yeyote.

Unene wa kiuno pekee usikufanye uone kila kitu ni hedhi. Uchovu mzito, choo kigumu, ngozi kavu na uzito unaopanda haraka vinaweza kuwa tezi ya shingo. Kiu na kukojoa kila saa vinaweza kuwa sukari. Tumbo linalojaa upande mmoja, au linaloshiba baada ya vijiko vichache vya chakula kwa wiki kadhaa, lipigwe ultrasaundi. Na damu yoyote inayotoka baada ya ile miezi 12 bila hedhi, hata tone kwenye nguo ya ndani, hata kama ni mara moja, ipelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Wapo wanaofurahi wakidhani ujana umerudi, na wapo wanaosubiri ijirudie. Isisubiriwe. Nenda na karatasi yenye tarehe ya hedhi ya mwisho, vipimo vya kiuno vya miezi mitatu, majina ya dawa zote pamoja na za mitishamba, na nani kwenu aliugua kisukari, moyo au saratani.